Kijana aitwe kabla ya uamuzi: mwongozo kwa shehia za Pemba

Mgeni rasmi akija shehiani (ngazi ya chini kabisa ya utawala huku Zanzibar), vijana ndio wa mwanzo kuitwa. Wanabeba viti kutoka skuli, wanafunga maturubali, wanafyeka njia, na wakati wa picha wanapangwa mbele wakiwa na fulana mpya. Mgeni akishaondoka, kikao cha kuamua kisima kichimbwe upande gani au uwanja wa mpira ukatwe viwanja vya nyumba hufanyika kwenye baraza ya mtu mzima mmoja baada ya sala ya alasiri. Vijana hupata habari siku greda linapofika.

Mwongozo huu ni wa anayetaka mambo yaende vingine. Nimemlenga zaidi kiongozi wa vijana wa shehia, lakini sheha, diwani, mwalimu au mjumbe wa kamati yoyote atapata lake humu. Nimeandika nikiwa na Pemba kichwani kwa sababu ndiko ninakokujua, ingawa sheria za Unguja ni hizo hizo. Habari za hamasa nitaziacha. Semina za hamasa tumekaa nyingi, na kalamu zake bado tunazo majumbani. Kinachowakosesha vijana nafasi ni kutojua uamuzi gani uko mikononi mwa nani, na kufika wakati umeshapita.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kubisha

Anza kwa kusahau mengi uliyoyasikia kutoka Tanzania Bara. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na mitaa uliofanyika Novemba 2024 ulikuwa wa Bara peke yake. Huku hatuna mwenyekiti wa kijiji wa kumpigia kura. Zanzibar tuna Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014 na Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya mwaka huo huo. Kijana wa Konde akisoma mtandaoni maelezo ya mkutano mkuu wa kijiji akaenda nayo kwa sheha, atarudi na aibu bure.

Sheha hapigiwi kura. Anateuliwa, na bosi wake ni Mkuu wa Wilaya. Yeye ni jicho la Serikali Kuu pale shehiani: anatoa barua za utambulisho, anaandikisha wanaohamia na kuhama, anasuluhisha ugomvi wa mipaka na wa majirani, na ana baraza la ushauri la wakaazi wanaomsaidia. Diwani ni mtu mwengine kabisa. Huyu anachaguliwa katika uchaguzi mkuu kila miaka mitano, anawakilisha wadi yenye shehia kadhaa, na anakaa kwenye Baraza la Mji au Halmashauri ya Wilaya, kule kunakopitishwa bajeti na sheria ndogo. Kwa Pemba, Wete, Chake Chake na Mkoani ni mabaraza ya miji, na Micheweni ni halmashauri. Juu yake yuko Mwakilishi, anayekaa Baraza la Wawakilishi, na Mbunge, anayekaa Dodoma. Hawa wawili usiwachanganye, maana ukimwendea Mbunge kwa jambo la skuli ya maandalizi atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuelekeza kwa mwenziwe.

Halafu kuna taasisi ambazo si za sheha wala si za diwani. Maji ni ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Umeme ni wa ZECO. Hati za ardhi zina kamisheni yake. Uvuvi una idara yake na kamati zake za shehia. Taka, soko na ada za biashara ndogo ndogo ziko kwa baraza au halmashauri. Barabara zinatofautiana: nyengine ni za wizara, nyengine ni za ndani, kwa hiyo uliza kabla hujaandika barua.

Chukueni karatasi moja kubwa, andikeni upande mmoja mambo yanayowakera, na upande wa pili ofisi yenye uwezo wa kuyaamua. Zoezi la saa moja tu. Mtagundua kwamba nusu ya malalamiko mliyokuwa mkimtupia sheha hayamhusu. Hapo hapo joto lililoko kati yenu na yeye litaanza kupoa.

Hatua ya 2: Fufueni Baraza la Vijana la Shehia

Vijana wengi wanaunda kikundi kipya kila wanapopata wazo, ilhali chombo cha kisheria kipo. Sheria ya Baraza la Vijana Zanzibar Na. 16 ya 2013 imeweka mabaraza ya vijana kuanzia shehia, yakapanda hadi wilaya na taifa. Kijana hapa ni mwenye umri kuanzia miaka 15 hadi 35. Faida yake ni kwamba barua yenye muhuri au saini ya katibu wa Baraza la Vijana la Shehia haipokelewi kama barua ya watu wanne wa kijiweni.

Ulizeni kwa sheha, au kwa ofisi ya vijana ya wilaya, kama baraza la shehia yenu liko hai. Aghalabu mtakuta lilichaguliwa siku moja, likapigwa picha, mwenyekiti akapata kazi Unguja na katibu akaolewa kwengine. Si kosa la mtu. Ombeni utaratibu wa kujaza nafasi zilizo wazi, na msiende na orodha yenu ya viongozi mfukoni. Orodha ya mfukoni inaanzisha uadui kabla ya kikao cha kwanza.

Kundi la mkopo na Baraza la Vijana ni vitu viwili. Likianza kuzungumzwa suala la fedha za kukopeshana ndani ya baraza, wasio na shida ya mkopo wataondoka, na mtabaki kikundi cha ujasiriamali chenye jina kubwa. Wanaotaka mkopo wajipange pembeni, wafuate taratibu zake.

Hatua ya 3: Chagueni jambo moja, na liwe la kuhesabika

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vijana wakipewa nafasi ya kusema, husema "ajira". Kweli ajira ni tatizo, lakini sheha hana ajira ya kutoa, na diwani hana. Ukiipeleka kikaoni, mzee mmoja atasimama aseme vijana wa siku hizi hawataki kulima, kikao kitageuka mawaidha, na mtaondoka jioni bila uamuzi. Tafuteni jambo lenye sifa tatu: liko ndani ya uwezo wa ofisi mliyoipata katika ile karatasi, linawagusa watu wazima pia, na linaweza kuhesabiwa.

Tuseme diko la samaki. Vyombo vinashusha asubuhi, mnada unapigwa, wachuuzi wa baiskeli na wa bodaboda wanapakia. Matumbo ya samaki na maji machafu yanabaki pale pale mchangani, choo hakuna, na wanawake wanaouza chai na vitumbua wanajisaidia nyumba za watu. Kama pale diko ada inakusanywa kwa ajili ya halmashauri, basi mna hoja yenye miguu miwili: kero, na fedha inayotoka hapo hapo.

Sasa hesabuni. Wapeni vijana wawili daftari, wakae diko kwa siku kumi na tano mfululizo, ili wapate bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo) yote mawili. Ukihesabu siku za bamvua tu utaambiwa umechagua siku nzuri. Ukihesabu maji mafu tu utaona hakuna diko. Waandike vyombo vingapi vimeshusha, matenga mangapi yamepita mnadani, watu wangapi wanauza na kununua, wangapi kati yao ni wanawake. Wasiandike majina ya watu wala bei anazouza fulani. Mvuvi akishuku kuwa mnapeleleza mapato yake, hamtapata hata salamu. Kabla ya siku ya kwanza, nendeni kwa mkuu wa diko mkamwambie mnachofanya na kwa nini, na mumuoneshe lile daftari.

Hesabu ya vijana wenyewe ina nguvu ambayo hotuba haina. Mjumbe anaweza kubishana na kijana siku nzima. Daftari lenye tarehe, saa na saini ya mkuu wa diko lina ugumu wa kubishana nalo.

Hatua ya 4: Pangeni kikao kwa kalenda ya Pemba

Kikao cha vijana kikiitwa Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa sababu ndivyo wanavyofanya mjini, watakuja walio na kazi za ofisini na walio likizo. Waliobaki watasemwa "hawana mwamko".

Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake na wasichana, wanashuka pwani maji yakiwa makavu, hasa siku za bamvua. Kikao cha bamvua saa nne asubuhi ni kikao kisicho na wao. Wavuvi vijana huenda dago, wakakaa wiki kadhaa mbali na kwao. Msimu wa karafuu ukiingia, kijana mwenye miguu mizuri yuko juu ya mkarafuu tangu alfajiri, dada zake wako chini wanachambua, na jioni mikeka imejaa uani. Msimwite mtu kwenye kikao wakati fedha ya mwaka mzima iko mtini. Ramadhani, ukitaka kuonana na watu, ni baada ya tarawehe, nayo kwa wanaume tu inakuwa rahisi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne waacheni wafanye mitihani yao.

Kinachobaki si kingi, lakini kinatosha. Maji mafu, baada ya alasiri, msimu wa karafuu umekwisha au haujaanza. Muda usizidi saa moja na nusu, maana maghrib haisubiri.

Kuhusu wasichana, nasema wazi: kuwaandika kwenye orodha si kuwashirikisha. Mzazi wa kijijini anauliza mambo matatu, kikao kiko wapi, kinakwisha saa ngapi, na nani mwengine anakwenda. Mjibuni kabla hajauliza. Mtumeni dada mwenye heshima mtaani apite nyumba kwa nyumba, aseme kikao ni skuli, kinakwisha kabla ya maghrib, na yeye mwenyewe atawarudisha. Mama mwenye mtoto mchanga akija naye, mtoto alie, kikao kiendelee. Siku ya kikao, kaeni kwanza wasichana peke yao robo saa, wachague wawili wa kusema kwa niaba yao, ndipo wote mkutane. Nimeona vikao ambavyo wasichana kumi na wawili walikaa nyuma kimya mpaka mwisho, na dakika tano baadaye, nje kwenye viatu, wakamaliza mjadala wote kwa ufasaha kuliko tuliokuwa mbele.

Vijana wenye ulemavu nao: mkutano wa ghorofani au wa ngazi ndefu umeshawafukuza kabla haujafunguliwa.

Hatua ya 5: Mwendeeni sheha kwa adabu, na kwa karatasi

Msimtumie sheha ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Akishambuliwa mbele za watu atajilinda, hata kama mna haki. Nendeni watu watatu, mmoja wenu awe msichana, na mtangulizeni mtu mzima mmoja anayeheshimika akawaombee nafasi. Kwetu mlango hufunguka hivyo, na hakuna ubaya.

Mazungumzo yenyewe yawe mafupi. Mfano:

"Assalaam alaykum, Bwana Sheha. Shikamoo."

"Waalaykum salaam. Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni. Mna nini tena?"

"Sheha, tumekuja kukupa taarifa, hatukuja na lawama. Tumekaa diko siku kumi na tano tunahesabu. Karatasi hii hapa. Tunaomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao chako kijacho na baraza lako la ushauri, na wawili wetu tupewe dakika kumi tulieleze."

"Lakini diko si langu, la halmashauri hilo."

"Tunajua, Sheha. Kwa diwani tutakwenda. Tumeona si adabu kufika kule kabla hujalisikia wewe."

Hilo jibu la mwisho lina uzito wake. Sheha akisikia jambo la shehia yake kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, kwake ni fedheha, na mlango wenu umeshafungwa. Akilisikia kwenu kwanza, hata kama hana uwezo nalo, atakuwa shahidi wenu.

Mwachieni barua. Isizidi ukurasa mmoja. Iandikwe hivi, nanyi mjaze yenu:

"Kwa Sheha, Shehia ya ……… Yah: Maombi ya kujadiliwa usafi na choo cha diko la ……… Baraza la Vijana la Shehia limefanya hesabu katika diko hilo kuanzia tarehe ……… hadi tarehe ………. Kwa wastani vyombo ……… hushusha kwa siku, na watu ……… hufanya biashara hapo, kati yao wanawake ………. Hakuna choo wala pahala pa kuweka taka. Tunaomba: (1) jambo hili lijadiliwe katika kikao chako kijacho, (2) vijana wawili waalikwe kulieleza, (3) utupatie barua ya kututambulisha kwa Mheshimiwa Diwani. Vijana wako tayari kutoa nguvu kazi ya kuchimba shimo na kubeba mawe. Tunaambatanisha hesabu. Wako mtiifu, ………, Katibu."

Toeni nakala mbili. Moja abaki nayo, nyengine aigonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe, nayo mrudi nayo. Bila nakala iliyogongwa muhuri, mwakani mtaambiwa hakuna aliyeleta chochote.

Sentensi ya nguvu kazi msiiandike kwa kupendeza tu. Mkiahidi mawe, myabebe. Lakini pia msikubali ushiriki wenu uishie kwenye mawe. Kijana anayechimba shimo awe amekaa kwenye kikao kilichoamua shimo lichimbwe wapi.

Hatua ya 6: Fikeni kwa diwani kabla ya bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Baraza la Wawakilishi linajadili bajeti kuanzia Mei hadi Juni, na vijana wengi hushtuka wakati huo, wanapoisikia redioni. Wakati huo chakula kimeshapikwa na kupakuliwa. Mapendekezo ya wadi yanakusanywa na kupangwa miezi mingi nyuma. Kwa hiyo barua yenu ikiwa mkononi mwa diwani mwisho wa mwaka, kabla ya Januari, mna nafasi. Ikifika Aprili, ombeni iwekwe kwa mwaka unaofuata, na mpate jibu hilo kwa maandishi.

Muulizeni diwani maswali mepesi yenye majibu. Baraza linakutana lini? Jambo hili litapita kamati gani kwanza? Mwaka huu wadi yetu imepangiwa nini? Ada ya diko letu imekusanywa kiasi gani? Diwani mzuri atafurahi, kwa sababu anapata hoja ya kusimama nayo mbele ya mkurugenzi wa baraza. Diwani mvivu atawaambia mrudi baada ya wiki mbili. Rudini baada ya wiki mbili, siku ile ile aliyosema, watu wale wale.

Ombeni pia kwa ofisi ya mkurugenzi ratiba ya vikao vya baraza, na ruhusa ya vijana wachache kwenda kukaa kama wasikilizaji. Kwenda tu kunafundisha. Mtaona hoja ya mstari mmoja yenye takwimu ikipita na hotuba ya robo saa ikisahaulika, na mtajua ya kwenu muipange vipi.

Upo pia mfuko wa maendeleo ya jimbo, ambao Mwakilishi ana usemi mkubwa ndani yake. Kwa jambo dogo la jengo au vifaa huo unaweza kuwa njia ya haraka kuliko bajeti ya halmashauri. Lakini nendeni huko mkiwa na barua ya sheha na maoni ya diwani, ili wote watatu wasije wakavutana kuhusu nani amelianza.

Hatua ya 7: Ingieni kwenye kamati zilizopo

Shehia imejaa kamati. Kuna ya skuli, ya maji, ya uvuvi, na penye msitu kuna ya uhifadhi. Nyingi zina wajumbe wale wale sita wanaozunguka kutoka kiti hiki hadi kile. Maamuzi mengi yanayogusa maisha ya kila siku hufanyika huko kuliko kwenye mikutano ya hadhara, na nafasi zikiwa wazi mara nyingi hazina anayezigombea.

Kwa kijana wa pwani, kamati ya uvuvi ya shehia ndiyo kubwa. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, jamii iliamua kufunga sehemu ya miamba yake ya pweza kwa muda ili pweza wakue, kisha wakafungua. Pweza anakua haraka, kwa hiyo miezi michache tu ya kuacha mwamba inaonekana kwenye uzito. Lakini fikiria uamuzi kama huo unavyofanya kazi. Anayezamia pale ni kijana. Anayepita na mjiti kwenye mwamba maji yakitoka mara nyingi ni mwanamke. Mzee wa kamati hazamii tena. Mkifunga mwamba bila wazamiaji na wanawake wa mwamba kuwemo kikaoni, mlinzi wa usiku na mwizi watakuwa mtu mmoja. Wakiwemo, wao ndio watakaosema mwamba upi ufungwe, kuanzia mwezi gani, nani alinde kwa zamu, na siku ya kufungua nani apime na kuandika uzito. Kazi ya kupima ichukuliwe na vijana waliosoma. Kuanzia hapo takwimu za kamati ziko mikononi mwao, na kamati haiwezi kukaa bila kuwaita.

Mpelekeni mtu mmoja kwenye kila kamati, si zaidi, na awe anaripoti kwenye Baraza la Vijana kila mwezi kwa dakika tano. Mjumbe asiyeripoti amejiwakilisha mwenyewe.

Hatua ya 8: Wekeni siasa nje ya mlango

Hili kwetu huwezi kuliruka. Tangu kura ya maoni ya Julai 2010 tuna katiba inayotaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lakini chini huku maskani, yaani vijiwe vyetu, bado zina rangi za vyama. Mkikutana kwenye maskani ya chama hiki, vijana wa chama kile hawaji, na kilichoamuliwa kinaitwa cha wao. Kutaneni skuli au madrasa kwa ruhusa ya mwalimu. Hakuna fulana wala kofia za vyama. Mwenyekiti na katibu, ikiwezekana, wasitoke upande mmoja, na watu wote wanajua nani yuko upande gani hata kama hasemi.

Miezi ya kampeni simamisheni mambo mapya. Endeleeni na hesabu na kazi za mikono tu. Mgombea akiahidi choo chenu cha diko jukwaani, msipige makofi wala kelele. Andikeni tarehe.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 21, inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki katika uendeshaji wa nchi yake. Mkiambiwa "haya si mambo yenu", tajeni kifungu hicho mara moja kwa upole, kisha rudini kwenye daftari. Na aliyefika miaka 18 awe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na awe ameandikishwa kwenye daftari la wapiga kura, maana kuna watu watamuuliza kitambulisho kabla hawajamuuliza hoja.

Kwa sheha na wazee

Nina machache kwenu, ami zangu. Mkimwalika kijana, mpeni ajenda siku tatu kabla, kama mnavyopeana wenyewe. Muitikieni kwa jina lake, msimwite "hawa vijana". Akimaliza kusema, katibu aandike alichosema kwenye muhtasari, kisha asomewe. Ikiwa mnalikataa alilosema, mwambieni sababu hapo hapo. Kijana anavumilia kukataliwa, hawezi kuvumilia kupuuzwa. Na msimtume kuchemsha chai wakati kikao kinapiga kura.

Msiwape posho ya kuhudhuria kikao cha shehia yao wenyewe, hata fedha ikiwepo. Wakizoea, siku fedha ikikosekana kikao kitakosa watu, na kesi hiyo tunaijua sote. Nauli ya anayetoka kisiwani kwa dau au anayekwenda Wete au Chake kwa kazi ya baraza ni haki yake, ilipwe.

Hatua ya 9: Rudisheni jibu kwa watu

Jambo likipita, semeni. Likikataliwa, semeni pia, na sababu. Ubao wa matangazo wa skuli unatosha, pamoja na dakika chache baada ya sala ya Ijumaa kwa ruhusa ya imamu, na neno kwa akina mama kwenye vikundi vyao. Redio Jamii Micheweni na Redio Jamii Mkoani zinasikika kwa watu wasio na simu za kisasa, nazo huwa zinatafuta habari za vijijini. Nendeni na karatasi yenu na mtu mmoja anayejua kusema bila kutukana.

Jambo likikaa kimya miezi mitatu, andikeni ukumbusho mkitaja tarehe ya muhuri. Miezi sita, pelekeni nakala kwa Mkuu wa Wilaya, na mwambieni sheha mnapeleka. Msiruke ngazi, na msikae kwenye ngazi moja mwaka mzima.

Jambo moja la mwisho la kazi. Vijana huondoka: wanaolewa, wanakwenda Unguja, wanatimiza miaka 35. Daftari la hesabu, nakala zenye mihuri na mihutasari visikae chini ya godoro la katibu. Wekeni faili skuli, kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa sheha, na kila anayeingia uongozi asaini kwamba amelipokea na amelisoma kabla ya kikao chake cha kwanza.